Mkumbuu Imeinama Tena

Zawadi ya shangazi haikataliwi, na zawadi ya shangazi wa mume haikataliwi wala haihojiwi. Kwa hiyo aliposhuka bandarini Malindi, hapa Unguja, na furushi lililofungwa kwa kamba ya usumba, akaingia nalo kwetu, akalifungua juu ya mkeka na kusema, "Hii ya ukutani, si ya kulalia," hakuna aliyeuliza ukuta upi wala kwa njia gani.

Ulikuwa mfarishi, lakini haukuwa na pembe nne. Ulikuwa kisiwa cha Pemba kizima, karibu yadi mbili kutoka ncha ya Kigomasha mpaka kusini, umeungwa kwa viraka vya kanga, umejazwa pamba ya mito, na mgongoni umetiwa kitambaa cha marekani, kile cheupe kizito ambacho jina lake lilikuja na meli za Salem, Massachusetts, karne ya 19 na likabaki hapa meli zenyewe zilipoacha kuja. Kazi ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Ndani yake mna kanga za harusi na kanga za msiba, mna kisutu chekundu cha marehemu nyanya yao, na mna kanga za kampeni alizozikata vipande vidogo hata chama hakitambulikani. Majina ya kanga yamekatika kufuata pwani. Chake Chake imeangukiwa na "subira", Micheweni imepata "mja hana", na Mkoani, kwa bahati ambayo shangazi anaapa kuwa ni bahati tu, imepata "WIVU" kwa herufi kubwa.

Aliyewahi kuitazama ramani ya Pemba ameshajua balaa gani lilikuwa linatungoja. Mimi ni mtu wa Makunduchi, na Unguja kwangu ni kisiwa chenye adabu: kimejinyoosha, kimetulia, ungekishona ungekitundika kwa fimbo moja ukaenda kupika. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na pwani yake haina mahali inapokubali kwenda sawa. Kila ghuba imeingia ndani, kila rasi imetoka nje. Juu kushoto imejichomoza Kigomasha, juu kulia Kiuyu, na magharibi, mbele ya Chake Chake, kuna Ras Mkumbuu, ukanda mwembamba wa ardhi uliokwenda baharini bila kuaga. Shangazi aliyashona yote hayo. Hakuruka rasi hata moja.

Baba watoto ni mwalimu wa hesabu, naye anaamini jambo la ukutani ni jambo la nyundo. Nyumba tunayopanga Mji Mkongwe ni ya zamani: kuta za mawe ya matumbawe yaliyojengewa chokaa na udongo, unene unaokaribia nusu mita, na juu boriti za mkandaa zilizopangwa karibu karibu. Vyumba ni virefu na vyembamba. Wageni hudhani wazee walikuwa wabahili wa nafasi, kumbe boriti ya mkandaa haizidi sana mita tatu, na upana wa chumba uliamuliwa kwenye mikoko kabla mwashi hajaitwa. Ukuta wa namna hii unabeba ghorofa bila kulalamika, lakini msumari mmoja unaushinda. Msumari ukikutana na tumbawe unapinda. Ukikutana na chokaa unaingia wote kwa pigo moja, unakuacha ufurahi, kisha usiku wa manane unadondoka pamoja na chokaa ya kujaa kiganja, na nyumba nzima inaamka kumtafuta paka ambaye hatuna.

Akaazima drili kwa jirani. Drili haikutoboa tundu, ilichimba shimo: mdomo mpana, ndani vumbi jekundu, na kile kiplastiki cha kushikia skrubu kikawa kinazunguka humo kwa raha zake. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020, wenye nyumba wa mji huu wamepata masikio mapya, na wetu alifika kabla vumbi halijatulia. Akaweka kiganja ukutani, akauliza kwa upole unaotisha, "Mwalimu, unatafuta nini humu ndani?" Wakakubaliana kuwa misumari miwili iliyokwisha kushika ibaki na drili irudi kwa mwenyewe.

Miwili ingetosha, alisema mume wangu, kwa sababu shangazi alikuwa ameshona nyuma ya mfarishi, chini kidogo ya zile rasi mbili za kaskazini, mkono wa kitambaa wa kupitishia fimbo. Tukapitisha ufito wa henzirani, tukauweka juu ya misumari, tukarudi nyuma kutazama.

Kilichokuwa chini ya ufito kilining'inia. Kilichokuwa juu yake hakikuwa na cha kukishika, kwa hiyo Kigomasha na Kiuyu zikaanguka mbele, moja huku moja kule, mithili ya masikio ya mbuzi aliyechoka. Mkumbuu ilikuwa na msiba wake peke yake. Imetoka ubavuni, imeshikwa kwenye shina tu, na uzito wake wote unaivuta ncha kwenda chini. Kwa kuwa ina pamba ndani, haikuanguka mara moja ikaisha habari. Ilijikunja taratibu, ikageuka, ikaonesha mgongo wake mweupe, na kufikia Isha ncha yake ilikuwa inaelekea Mkoani. Asubuhi mtoto aliyepita kwenda kupiga mswaki alitangaza habari kwa sauti: "Mkumbuu imeinama tena!" Sentensi hiyo ikaingia katika lugha ya nyumba, pamoja na "gesi imekwisha" na "maji hayatoki".

Nyumba iliyooa Pemba haikosi mgeni wa meli. Mgeni wa Chake Chake alikunywa chai yake yote bila neno, kisha akauliza kwa heshima kama Mkumbuu imeinamishwa kwa sababu maalumu. Huko kuna magofu ya mji na msikiti wa karne nyingi nyuma, alitukumbusha, si mahali pa kuachwa pananing'inia. Mgeni wa Mkoani hakuuliza kitu. Alisoma "WIVU", akatabasamu, na tangu hapo akija mjini husema anapita tu, hana nafasi ya kukaa. Wa Micheweni alisimama chini ya Kiuyu iliyoanguka, akaiinua kwa kidole kimoja, akaiachia, ikaanguka. "Ndivyo tulivyo," alisema, "tunasahauliwa." Mume wangu alikasirika kuliko nilivyomwona akikasirikia mshahara.

Hapo ndipo familia ilipoamua kusaidia.

Wifi yangu mkubwa alisema ni mikunjo ya safari, dawa yake pasi. Sasa, pamba ya mito inayouzwa siku hizi si pamba, wala si sufi ya msufi iliyojazwa magodoro ya utotoni mwetu. Ni poliesta, na poliesta na pasi ya moto hazikai nyumba moja. Wifi aliushika mfarishi, akaanzia juu kushoto, akakandamiza kwa nia njema. Moshi mwembamba ukatoka. Alipoinua pasi, msitu wa Ngezi, ambao shangazi alikuwa ameujaza pamba mara mbili ili miti ionekane mirefu, ulikuwa umelala bapa, mgumu, na haukuinuka tena. Sheria zote za hifadhi zimeulinda msitu ule mpaka leo, na pale sebuleni kwetu ukafyekwa kabla ya adhuhuri na mtu aliyefika kutusalimia.

Mama mkwe hakusema kitu juu ya pasi. Akaenda jikoni akachemsha uwanga wa muhogo, ule unaozisimamisha kanzu za Idi, akaupaka mgongoni mwa mfarishi kwa kitambaa, akauanika juani darini. Nikiri kwa niaba ya sayansi yake: ulisimama. Kipindi chote cha kaskazi Mkumbuu ilinyooka, wageni wa Chake wakala na wakalala. Kisha ikaja masika. Pamba ya kawaida yenyewe hubeba maji ya hewani, hata pasipo mvua, kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, na hewa ya Unguja mwezi wa Aprili si ya kawaida. Uwanga nao unakunywa. Kitambaa kikawa kizito, uwanga ukalainika, rasi zikaanza kuteremka moja moja, na usiku tukasikia mchakacho mdogo mdogo ukutani. Mende. Walikuwa wanakula Pemba kuanzia mashariki.

Baada ya kufua, zamu ikarudi kwa mwalimu. Yeye aliona mambo kwa nukta. Kila ncha inayoanguka ni nukta isiyoshikwa, ishike, hesabu imekwisha. Akanunua uzi wa mshipi, ule usioonekana wa wavuvi, akauunga kwenye ncha ya Kigomasha, ya Kiuyu na ya Mkumbuu, akaufunga kwenye boriti. Ncha zilipanda kweli. Lakini ukishika ncha mbili za kitambaa, kilicho katikati kinalegea, na ukikishika hicho cha katikati, sasa una vilegevu viwili. Akaendelea kuongeza nyuzi. Mwishowe pwani yote ya magharibi ilikuwa imevutwa juu kwa mishipi, imejaa mawimbi, na mtu mrefu akiingia sebuleni bila taa alinaswa shingo.

Nilikuwa nimeshauona mwenendo wa nyumba hii. Wanaume wanatengeneza ukuta, wanawake wanatengeneza kitambaa, kila upande unaulaumu ufundi wa upande wa pili, na hakuna aliyejiuliza mfarishi ulizoea kuishi wapi. Mfarishi ni kitu cha kitandani. Kitandani haubebi uzito wake hata kidogo, godoro linaubeba wote, kila inchi. Ukiuhamishia ukutani umeuondolea godoro, na ukuta haujui kubeba, unajua kuegemewa tu. Wenye pembe nne unaweza kuvumilia, kwa sababu ukingo wake wa juu umenyooka na uzi unashuka sawa toka juu hadi chini. Wenye rasi na ghuba, nusu ya mwili wake haiko chini ya kitu chochote.

Nikauviringisha, nikaenda nao Darajani kwa fundi cherehani mmoja mzee anayeshona makoti. Hakuutazama usoni. Aliulaza juu ya meza, akaugeuza mgongo, akapitisha kiganja polepole, kaskazini hadi kusini. Halafu akaniuliza:

"Aliyeshona ni mtu wa wapi?"

"Wete, fundi."

"Nimejua."

Akanishika mkono akauweka palipo Wete. Mishono ilikuwa imebanana, mistari kwa mistari, mduara ndani ya mduara, huruma ya mtu kwa kwao. Kusini na mashariki mistari ilikuwa mbalimbali, imepita haraka haraka kwa safari ya kufika. Kila mshono unaopenya pamba unakula kitambaa kidogo, alieleza. Palipo na mishono mingi panajivuta na kupungua, palipo na michache panabaki papana na kufura. Kwa hiyo kisiwa chote kilikuwa kimevutwa kuelekea Wete, na kingo za mbali zilizokosa pa kwenda zikafanya mawimbi. Ungekitundika kwa misumari ya dhahabu kisingelala.

Ng'ambo ya bahari hii hii, katika jimbo la Karnataka kule India, wako Wasiddi, kizazi cha Waafrika waliovushwa zamani, na wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi. Wao huanzia ukingoni. Mshono wa mkono unazunguka kufuata ukingo, unaingia ndani duru kwa duru mpaka unafika katikati, na pembeni huwekwa vile viraka vilivyokunjwa wanavyoviita phula, maua, ambavyo bila hivyo kazi huonekana haijavaa. Mishono inakwenda kwa mpango mmoja kutoka nje hadi ndani, hakuna mtaa unaopendelewa. Shangazi yeye alianzia nyumbani kwao akaenda nje kadiri mapenzi yalivyopungua.

"Tufumue Wete?" nikauliza.

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, ukifumua mishono ya shangazi wa mumeo utakuja kushonewa wewe. Ongeza kwingine."

Na kuna la pili, akasema. Kitambaa kina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio. Kivute kwa njia ya mtande, hakiendi popote. Kivute kwa njia ya mshindio, kitaenda kidogo. Kivute mshazari, kitanyooka mpaka ushangae, na hakitarudi kama kilivyokuwa. Sasa kata kanga kwa umbo la Pemba: kila rasi ina upande ulioangukia mshazari. Mkumbuu ilikuwa mshazari mtupu pande zote mbili, na kila siku iliyoning'inia ilizidi kurefuka. Mbona, alisema, kwenye ramani yenu inakaribia kufika Tanga? Dawa yake ni utepe wa pamba uliofumwa sawa, usiovutika, unaoshonwa nyuma kuuzunguka ukingo wote, na pale ukingo ulipokwisha kurefuka unashona huku unakibembeleza kitambaa kirudi ndani ya utepe. Si kukivuta. Ukivuta utepe sana, kingo zitajikunja mbele, utakuwa umepata sinia.

Kazi hiyo tuliifanya mimi na binti yangu jioni kwa jioni, na nitaipita haraka kwa kuwa haina kisa: tulishona. Mkoani ikapata mistari, Kengeja ikapata, Micheweni ikapata mingi kwa ajili ya yule mgeni. Msitu wa Ngezi tuliufungua kwa nyuma, tukatoa lile bapa la poliesta, tukajaza upya.

Baada ya hapo ukalazwa. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na kwa maoni yangu ni nusu ya dawa. Mfarishi unaulowesha, unaunyoosha juu ya kitu kinachokubali pini, unaubana ukingo wote kwa pini zisizoshika kutu, unauacha ukauke katika umbo unalolitaka, siyo lile unalolitaka wenyewe. Godoro la sponji linafaa sana, kwa hiyo godoro la chumba cha wageni likavuliwa shuka. Nikapima kwanza kile kisutu kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikarudi na wekundu. Kwa hiyo hatukulowesha, tulinyunyiza tu, tukapima kwa futi kamba toka Kigomasha hadi Kiuyu na toka shina la Mkumbuu hadi ncha, tukabana pini, tukawasha feni. Mume wangu alikuja na atlasi ya shule akasahihisha ghuba ya Chake Chake kwa rula. Nilimwacha. Mtu naye lazima ashike kitu.

Ulipokauka ulilala mezani sawasawa, na huo ukawa wakati wa kuupatia godoro la ukutani. Seremala wa mtaa alipendekeza plaiwudi ya milimita 6. Ubao mmoja una futi 4 kwa 8, Pemba inaingia na nafasi inabaki. Atauchora kwa kufuata mfarishi, aukate kwa msumeno wa umeme, ndani kidogo ya mstari, ili ubao usichungulie nje ya pwani. Akaja, akaulaza mfarishi juu ya ubao uso chini ili asiuchafue kwa penseli, akachora, akabeba ubao, akaondoka.

Alirudi na kisiwa kilichokatwa kwa ustadi, kila ghuba mahali pake, kingo zimepigwa msasa. Akakiegemeza ukutani. Tukanyamaza. Kigomasha ilikuwa kulia. Mkumbuu ilikuwa imeelekea mashariki, kwenye bahari kuu, inakwenda Indonesia. Chake Chake ilikuwa upande wa Kojani.

Mama mkwe alisema astaghfirullah. Baba watoto alianza kueleza kanuni ya kioo, jinsi kinachochorwa kwa mgongo kinavyotoka kinyume, na alipofika kwenye mfano wa pili seremala alianza kueleza bei ya plaiwudi. Nani alipe ubao mwingine? Aliyelaza uso chini, au aliyenyamaza akimwona analaza uso chini? Sauti zilipanda mpaka jirani wa drili akachungulia. Wifi alipendekeza tuushone mfarishi upya kinyume, na kwa sekunde kadhaa pendekezo lile lilijadiliwa na watu wazima wenye elimu. Binti yetu, aliyekuwa anapita na ndoo, aliweka ndoo chini, akaushika ubao pande mbili, akaugeuza. Akachukua ndoo yake akaenda zake.

Seremala alidai siku zote ndivyo alivyokusudia.

Ubao ukapakwa rangi pande zote mbili na kingoni, kwa sababu mbao mbichi hutoa asidi inayokigeuza kitambaa kuwa njano kwa miaka, na hewa ya hapa ingeipindisha plaiwudi isiyofungwa mdomo. Kisha velkro, ule utepe wa mikoba ya watoto unaolia kraa. Aliyeubuni ni mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, aliyerudi matembezini na mbwa wake mwaka 1941 na kuzitazama vizuri zile mbegu zilizonata kwenye manyoya, kwa mtindo wa kishonanguo chetu, akaona kila mwiba una ndoana. Sisi kishonanguo tumekibandua kwenye sketi za shule miaka nenda rudi tukakitupa. Upande laini wa velkro tuliushona kwa mkono mgongoni mwa mfarishi, sindano ikishika marekani na pamba bila kutokeza usoni. Upande wa ndoana ukapigiliwa kwenye ubao kwa pini za mafundi makochi. Usibadilishe pande hizo: ndoana zikibaki kwenye kitambaa, siku ya kufua zitashika kila kitu kilichomo beseni. Utepe haukuwekwa juu peke yake. Ulizunguka pwani nzima na kuingia mpaka kila ncha, na Mkumbuu ilipewa mkanda wake tangu shina hadi mwisho.

Ukuta hatukuugusa. Boriti za nyumba hizi zinalala juu ya kuta ndefu, kila moja inakugusia ukuta hapo hapo juu. Baba watoto alirudisha uzi wake wa mshipi, safari hii ukiwa umekunjwa mara kadhaa, akaufunga kwenye boriti tatu na kwenye pete zilizotiwa nyuma ya ubao, na mishipi ikawa inashuka sambamba na ukuta, haionekani wala hainasi shingo. Nyuma tukaweka vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite, maana kuta za chokaa zinapumua, na zikipumulia kitambaa moja kwa moja kinaota kuvu. Pima maji ikawekwa. Mfarishi ukabandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa viganja, watu wanne, kila mmoja na wilaya yake.

Ukalala. Kigomasha imesimama, Kiuyu imesimama, na Mkumbuu imekwenda magharibi imenyooka kabisa, hadi ncha. Mwenye nyumba alikuja kukagua, akapitisha vidole ukutani kutafuta tundu jipya, akakosa, akaondoka na huzuni kidogo. Mgeni wa Chake Chake alikunywa vikombe viwili vya uji. Hata masika yalipopita, hakuna aliyepaza sauti asubuhi.

Mtu pekee aliyekuwa bado hajauona ni mwenyewe. Shangazi alishuka Malindi na kapu la embe, akaingia, akavua baibui, akasimama mbele ya ukuta. Alisimama muda mrefu. Mume wangu alikuwa anangoja sifa kwa mikono iliyofumbatwa nyuma, na mimi nilikuwa naangalia macho yake yasije yakatua kwenye mishono mipya ya Mkoani.

"Pamenyooka," alisema.

"Alhamdulillahi, Shangazi."

"Pakinyooka ndiyo mtu anaona." Akasogea. Akagusa bahari tupu mbele ya Wete, yaani chokaa ya ukuta. "Fundo iko wapi?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu kisiwa hicho hakuna aliyekishona.

"Miye nimezaliwa naitazama Fundo kila siku, na sikuitia. Kwa kuwa palikuwa panajikunja hapa, sikuona." Akashika ukingo wa Kigomasha. Kraa. Pemba nzima ikatoka mikononi mwake kwa mvuto mmoja, bila nyundo wala ngazi, jambo ambalo tulikuwa tumejisifia sana wakati wa kuchagua velkro. Akaketi mkekani, akautandaza magotini, akanyoosha mkono. "Mkwe wangu, niletee mkasi na yale mabaki ya kanga."

Mume wangu alikuwa ameshatoka barazani na simu. Tulimsikia. "Fundi, habari za kazi. Ule ubao, mabaki yake unayo bado? Visiwa. Hapana, si kimoja, andika: Njao, Fundo, Kojani, Misali, Makoongwe, Panza..." Akasikiliza. Akafunika simu kwa kiganja, akaingiza kichwa mlangoni.

"Shangazi, fundi anauliza: na bahari aikate?"